Uzi maalumu: Duathloni fupi kwa sisi wa ridhaa, na namna kilomita 5 za kwanza zinavyotuponza

Mwanzisha uzi:

Ndugu wanajukwaa, nimeona maswali kuhusu mashindano ya kukimbia na baiskeli yakijibiwa vipande vipande katika nyuzi nyingine, nikaona afadhali yakusanywe mahali pamoja. Nimeshiriki mashindano ya umbali mfupi mara 6, na sijawahi hata siku moja kukaribia jukwaa la washindi, kwa hiyo naamini nina sifa zote za kuwasemea watu wa katikati ya msafara. Wenye kasi ya kutisha wana makocha wao. Uzi huu ni wa mtu mwenye kazi na familia, anayepata saa 5 au 6 za mazoezi kwa wiki na anayemiliki baiskeli moja tu.

Kwanza tuelewane kuhusu umbali. Duathloni ni kukimbia, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia tena, na saa haisimami tangu ishara ya kuanza mpaka mstari wa kumalizia, hata pale unapohangaika kufunga kofia. Shirikisho la dunia, World Triathlon, ambalo hadi mwaka 2020 liliitwa International Triathlon Union, linatambua umbali mfupi wa kilomita 5 za kukimbia, 20 za baiskeli na 2.5 za kukimbia, halafu umbali wa kawaida wa kilomita 10, 40 na 5. Wapo pia wale wa Zofingen, Uswisi, ambako kwa miaka mingi watu wamekimbia kilomita 10, wakaendesha 150, kisha wakakimbia 30. Hao tuwaache na miguu yao. Mimi nazungumzia umbali mfupi tu, ambao mtu wa kawaida huumaliza kati ya saa 1 na dakika 15 na saa 1 na dakika 45.

Jambo ninalotaka kulisema ni moja, na mengine yote yanalizunguka hilo: wengi wetu tunatoka kwenye riadha, tunajua kukimbia, na kwa sababu hiyo tunaharibu mashindano yetu katika kile kipande tunachokijua zaidi. Kilomita 5 za kwanza hazikupi nafasi yoyote ya kudumu. Kazi yake ni kukufikisha kwenye baiskeli ukiwa bado una miguu.

Nitatoa hesabu yangu mwenyewe ya mashindano ya kwanza, maana niliiandika usiku ule ule nikiwa na hasira. Kilomita 5 nikiwa sijachoka nilikuwa nakimbia kwa dakika 24, yaani dakika 4 na sekunde 48 kwa kila kilomita. Baiskeli, nikiwa peke yangu mazoezini, nilimudu kilomita 20 kwa dakika 40, yaani mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Siku ya mashindano nilikimbia kipande cha kwanza kwa dakika 24 na sekunde 10, nikaingia eneo la mabadiliko, pale tunapoacha kukimbia na kuchukua baiskeli, nikiwa miongoni mwa watu 20 wa mbele, kifua mbele, nikiamini nimepata mchezo wangu. Kufika kilomita ya 6 ya baiskeli, mapaja yalikuwa magumu kama magogo na pumzi haijarudi. Walianza kunipita watu niliokuwa nimewaacha mbali, mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwa na vitambi vya heshima kabisa. Nilihesabu hadi 31 nikaacha kuhesabu. Nilimaliza baiskeli kwa dakika 44 na sekunde 27, ambao ni mwendo wa kilomita 27 kwa saa, na kilomita 2.5 za mwisho zikanichukua dakika 15 na sekunde 40, sehemu yake nikiwa natembea.

Sasa linganisha. Kama ningekimbia kipande cha kwanza taratibu kwa sekunde 15 zaidi katika kila kilomita, ningetumia dakika 25 na sekunde 15, yaani ningepoteza dakika 1 na sekunde 5 tu. Kwa kuziokoa hizo, nilipoteza dakika 4 na sekunde 27 kwenye baiskeli, na kama dakika 2 na nusu kwenye mbio za mwisho, kwa kuwa mwendo wa dakika 5 na robo kwa kilomita ulikuwa ndani ya uwezo wangu. Biashara ya kuokoa dakika moja kwa gharama ya dakika 7 hakuna anayeifanya kwa hiari, lakini kila mashindano nawaona watu wakiifanya, na wengi wao ni wakimbiaji wazuri.

Sababu yake haina uchawi. Ukikimbia kwa kasi inayozidi ile unayoweza kuidumisha kwa takriban saa moja, misuli inategemea zaidi njia ya kupata nguvu isiyosubiri oksijeni, inachoma akiba ya wanga upesi, na inakusanya mabaki ambayo mwili hauwezi kuyaondoa kwa kasi ile ile. Katika mbio za kilomita 5 za peke yake hilo si tatizo, kwa sababu ukishavuka mstari unaanguka kwenye nyasi na habari inaishia hapo. Katika duathloni, dakika ile ile ambayo ungekuwa umelala kwenye nyasi ndiyo unayoombwa kuanza dakika 40 za kukanyaga pedeli kwa mapaja yale yale. Deni hilo hulilipi kwa kupumzika, unalilipa ukiwa kazini, na riba yake ni kubwa.

Kipimo changu ni maneno, wala huhitaji saa ya gharama. Katika kilomita 3 za kwanza niweze kutamka sentensi ya maneno 6 au 7 bila kuikata katikati. Nikishindwa, napunguza, hata kama mtu aliyevaa fulana ya njano niliyemshinda mwaka jana ananiacha. Atarudi.

Ukishapanda baiskeli, kilomita 2 au 3 za kwanza tumia gia nyepesi na uache moyo ushuke kidogo, kisha ndipo uanze kusukuma. Mimi hulenga mizunguko 85 hadi 90 ya pedeli kwa dakika, kwa kuwa gia nzito yenye mizunguko michache humaliza mapaja ambayo bado yana kazi mbele. Jambo la pili ni upepo. Kwenye tambarare adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni hewa, na nguvu inayohitajika kuipasua hukua kwa mchemraba wa mwendo: kutoka kilomita 30 hadi 33 kwa saa ni nyongeza ya asilimia 10 ya mwendo, lakini ni nyongeza ya takriban theluthi moja ya nguvu dhidi ya hewa. Ndiyo maana kuinama, kukunja viwiko na kuvaa fulana isiyopepea kama tanga kuna faida kuliko kununua baiskeli nyepesi kwa gramu 500. Upepo wa mbisho ukikupiga, usipigane nao ili kulinda namba iliyo kwenye saa. Shika juhudi ile ile, mwendo upungue, utaurudisha mkigeuka.

Kilomita ya mwisho ya baiskeli punguza gia, simama juu ya pedeli mara mbili tatu, nyoosha nyonga na vigimbi. Kisha uje kwenye ile hali ambayo hakuna maelezo yanayoweza kukuandaa nayo kikamilifu: unashuka, unaanza kukimbia, na miguu inakuwa kama umeazima kwa jirani. Ni kawaida. Kwa dakika 40 imekuwa ikizunguka bila kubeba uzito wa mwili, sasa inatakiwa kupokea kishindo cha kila hatua. Piga hatua fupi fupi za haraka, wala usijaribu kutanua. Tena ujihadhari na macho yako, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa huona mwendo wa 12 kama amesimama, hivyo huongeza kasi bila kujua, na mita 600 baadaye anashika kiuno.

Karibuni tuchangie. Wenye kupinga wapinge kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza (mwendesha baiskeli):

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho na nakubaliana nawe nusu. Nusu nyingine ni ya hatari kwa baadhi ya wasomaji, kwa sababu hukueleza unazungumzia mashindano ya aina gani. Yapo mashindano ambayo hairuhusiwi kukaa nyuma ya mwenzako kukwepa upepo, na yapo yanayoruhusu. Hesabu yako yote ni ya aina ya kwanza.

Katika aina ya pili mambo yanageuka kichwa chini. Mtu anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake kwenye kundi hupunguza kazi yake kwa karibu robo, na katika kundi kubwa lenye mwendo mkali hata zaidi. Sasa fikiria umekimbia kwa hekima kama unavyoshauri, umefika eneo la mabadiliko sekunde 20 baada ya kundi la watu 12 wa uwezo wako kuondoka. Hao 12 watapokezana mbele, kila mmoja akila upepo kwa sekunde 30 na kupumzika kwa dakika kadhaa, nawe utakuwa peke yako kwa kilomita 20 ukitazama migongo yao ikizidi kuwa midogo. Utamaliza ukiwa umechoka kuliko wao na umeachwa kwa dakika 3. Katika mashindano ya namna hiyo, nakimbia mita 500 za mwisho za kipande cha kwanza kwa nguvu zote ili nisiachwe na kundi, kisha napumzika ndani ya kundi. Kipande cha kwanza ndicho kinachoamua utaendesha na nani.

Mwanzisha uzi:

Hoja yako nimeipokea, kaka, na nakiri kuwa nilipaswa kuisema mwanzoni. Mashindano yangu yote 6 yalikuwa ya kupiga marufuku kukaa nyuma ya mwenzako, na mengi ya watu wa ridhaa ndivyo yalivyo, lakini asiyejua anaweza kunisoma akajiingiza mtegoni.

Hata hivyo ngoja nikurudishie nusu ya hoja. Ili mtu afaidi kundi, lazima awe na ujuzi wa kuendesha ndani ya kundi: kushika mstari wake kwenye kona, kutoshika breki ghafla, kutogusisha gurudumu la mbele na la nyuma la mwenzake. Mkimbiaji aliyenunua baiskeli miezi mitatu iliyopita hana ujuzi huo, na kumwambia akimbie kwa nguvu zote ili aingie katikati ya watu 12 wanaokwenda kilomita 38 kwa saa, akiwa anatweta na macho yamefunga ukungu, ni kumpeleka hospitali pamoja na wengine wawili. Huyo namshauri achague kwanza mashindano yasiyoruhusu kundi, na wakati huohuo ajifunze kundi mazoezini pamoja na waendesha baiskeli wenyewe.

Na kwa mashindano hayo yasiyoruhusu, umbali wa kuacha katika mbio fupi ni mita 10 kutoka gurudumu la nyuma la aliye mbele yako hadi gurudumu lako la mbele. Ukitaka kupita, una sekunde 20 za kuingia eneo hilo na kutoka ukiwa mbele yake.

Mchangiaji wa pili (refa wa mashindano):

Nimekuwa mwamuzi kwa misimu kadhaa, kwa hiyo naomba kurekebisha jambo moja kabla halijasambaa. Katika kanuni za World Triathlon, zile mita 10 hupimwa kuanzia ukingo wa mbele wa gurudumu la mbele la baiskeli iliyo mbele, si kutoka gurudumu lake la nyuma. Mwanzisha uzi amekuwa akiacha nafasi kubwa kuliko inayotakiwa. Si kosa, ila anajinyima. Sekunde 20 ni sahihi. Linalosahaulika ni kwamba mtu akishakupita, wajibu wa kurudi nyuma na kutoka kwenye eneo lake ni wako. Wengi huona wameonewa kwa sababu wao ndio waliopitwa, kisha wanaandikiwa adhabu. Waandaaji wanaweza kuongeza kanuni zao, basi soma mwongozo wa mashindano yako usiku uliotangulia.

Kwa kuwa nimeshaingia, acha nizungumzie eneo la mabadiliko, ambako naona makosa mengi kuliko barabarani. Kamba ya kofia ngumu lazima iwe imefungwa kabla hujaigusa baiskeli kuitoa kwenye chanja lake, na isifunguliwe mpaka baiskeli irudi mahali pake. Watu hulijua hilo nyumbani na kulisahau wakiwa na mapigo ya moyo 175 kwa dakika. Ndani ya eneo hilo baiskeli husukumwa, haipandwi. Unaipanda baada ya kuvuka mstari wa kupandia, na unashuka kabla ya mstari wa kushukia. Namba yako ionekane nyuma unapoendesha na mbele unapokimbia, ndiyo maana mkanda wa namba unaozungushwa kiunoni ni bora kuliko pini 4. Vipokea sauti vya masikioni haviruhusiwi, wala kukimbia kifua wazi.

Kabla ya mashindano, tembea kwa miguu kutoka lango la kuingilia mpaka kwenye baiskeli yako, kisha kutoka kwenye baiskeli mpaka lango la kutokea, mara mbili. Hesabu safu. Usiweke alama kwa kutumia baiskeli nyekundu ya jirani yako, maana utakaporudi baiskeli hiyo itakuwa barabarani. Nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye miguu ya kumaliza ndani ya 10 bora, akizunguka kwenye safu kama aliyepoteza mtoto sokoni kwa zaidi ya dakika nzima.

Mchangiaji wa tatu (mgeni wa mchezo):

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mgeni kabisa. Nimejiandikisha kwa mashindano ya kilomita 5, 20 na 2.5 yatakayofanyika baada ya wiki 8, nakimbia mara mbili kwa wiki, na baiskeli niliyonayo ni ya milimani yenye matairi mapana. Sina viatu vya kunasa kwenye pedeli wala sijui kuvitumia. Maswali yangu ni matatu: je, nitaaibika na baiskeli hiyo, nifanye mazoezi gani katika wiki hizo 8, na je, kuna uwezekano wa kuwa wa mwisho?

Mwanzisha uzi:

Dada, karibu sana. La aibu lifute kabisa. Ikiwa mwongozo wa mashindano hauikatazi baiskeli ya milimani, na mengi ya ridhaa hayaikatazi, basi inatosha. Ukiweza, badilisha matairi yenye meno uweke laini na uyajaze upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Hayo mawili peke yake utayasikia miguuni siku hiyo hiyo. Pandisha kiti mpaka mguu ukiwa chini kabisa kwenye pedeli goti libaki limekunjika kidogo tu. Wanaoanza wengi hukaa chini mno kwa kuogopa kuanguka, na mapaja yao huungua bure. Hakikisha ncha za usukani zimezibwa, kwani usukani wenye bomba wazi hukataliwa kwenye ukaguzi.

Kuhusu viatu, usivinunue sasa. Endesha kwa viatu vyako vya kukimbilia na pedeli bapa. Utapoteza kiasi kidogo cha nguvu barabarani, lakini hutabadilisha viatu mara mbili, na kwa mtu asiye na mazoea kila badiliko ni sekunde 30 au zaidi. Sekunde 30 si kitu kidogo: kuziokoa kwenye baiskeli ungelazimika kupandisha wastani wako kutoka kilomita 30 hadi karibu 30.4 kwa saa katika kilomita zote 20. Tia kamba za mpira kwenye viatu badala ya kamba za kufunga; hata usipovivua mashindanoni, hazitafunguka njiani.

Mazoezi: kila wiki kimbia mara mbili, endesha mara mbili, na mara moja unganisha. Kukimbia kwa kwanza kuwe kwa kuongea, dakika 40 hadi 50. Kukimbia kwa pili kuwe na vipande vya dakika 3 vya kasi, vinne au vitano, na pumziko la dakika 2 katikati. Baiskeli ya kwanza iwe ndefu, ifike dakika 90 kufikia wiki ya 6. Ya pili iwe na vipande 3 vya dakika 8 vya kusukuma. Siku ya kuunganisha ndiyo roho ya mchezo wenyewe, na kama wiki imebana, siku nyingine zife lakini hiyo ibaki. Anza na dakika 10 za kukimbia, 20 za baiskeli na 8 za kukimbia. Wiki ya 4 rudia mzunguko huo mara mbili bila kusimama. Lengo lake ni kuzoesha miguu ule ugeni wa kushuka, ambao hupungua sana baada ya mara 5 au 6, na kukufundisha kwa mwili wako mwenyewe gharama ya kuanza kwa pupa. Siku moja anza kwa pupa kwa makusudi, ujionee. Mimi ningefanya hivyo mapema ningeokoa hasira nyingi.

Wiki ya mwisho punguza wingi wa mazoezi kwa nusu, ubakishe vipande vifupi vya kasi ili miguu isilale. Kula mlo wako wa mwisho saa 2 au 3 kabla ya kuanza, uwe ule uliouzoea. Kwa umbali huu akiba ya wanga mwilini inatosha, kwa hiyo huhitaji kula njiani. Chupa moja ya maji kwenye baiskeli inatosha, na unywe katika nusu ya kwanza, ukiwa kwenye sehemu iliyonyooka. Na ujifunze kuziba pancha. Mimi nilipata moja katika mashindano ya tatu, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kwenye video tu, tairi lilinishinda, nikasukuma baiskeli kilomita 4 nikiwa na pampu mkononi.

Swali la mwisho siliwezi. Wa mwisho sijawahi kuwa, ingawa nimewahi kumwona kwa karibu.

Mchangiaji wa nne:

Mimi nimewahi kuwa wa mwisho, tena mara mbili, basi swali hilo ni langu. Nina miaka 58. Mwanangu, wa mwisho anatanguliwa na watu wote na kufuatwa na pikipiki moja ya waandaaji, na hakuna jambo lingine baya linalotokea. Unachopaswa kukiangalia ni muda wa mwisho wa kufunga njia, ambao huandikwa kwenye mwongozo. Ujue pia kwamba matokeo hutolewa kwa makundi ya umri, kwa kawaida ya miaka mitano mitano, na umri unaotumika ni ule utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka huo, si siku ya mashindano. Mara ya pili nilipokuwa wa mwisho kati ya wote, nilikuwa wa tatu katika kundi langu. Sikumwambia mtu nyumbani kwamba tulikuwa watatu.

Nina swali kwa mwanzisha uzi. Mbona hukugusa milima? Katika umri wangu mlima mmoja unatosha kufuta hekima yote ya kilomita 5 za kwanza.

Mwanzisha uzi:

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli, niliruka. Kwenye mlima hewa haikuzuii sana kwa sababu mwendo ni mdogo, kinachokuvuta ni uzito, na jaribu ni kusimama na kukanyaga kwa hasira ili usipitwe. Mimi hubadilisha gia kabla mlima haujaanza kuuma, nakaa kwenye kiti, nakubali juhudi ipande kidogo tu, na nikifika kileleni siachi kukanyaga, naendelea kwa sekunde 20 nyingine mpaka baiskeli ishike kasi ya mteremko. Wengi hukata pumzi kileleni wakapumzika pale ambapo muda ulikuwa unapatikana kwa bei rahisi. Kwenye kona za mteremko, breki zishikwe kabla ya kona, si ndani yake.

Mchangiaji wa tatu (mgeni wa mchezo):

Wakubwa wangu, nimerudi. Mashindano yalikuwa juzi, nami niliahidi moyoni kwamba nitaleta hesabu kama alivyoleta mwanzisha uzi.

Kipande cha kwanza nilikimbia kwa dakika 31 na sekunde 20. Katika kilomita ya kwanza nilipitwa na karibu kila mtu, na nilikuwa natamka sentensi ya maneno 7 kwa sauti, jambo lililomshangaza dada aliyekuwa pembeni yangu. Badiliko la kwanza dakika 1 na sekunde 48. Baiskeli dakika 50 na sekunde 12, kwa matairi laini na viatu vya kukimbilia. Kilomita 2.5 za mwisho dakika 16 na sekunde 5, yaani nilipungua kwa sekunde 10 tu kwa kila kilomita nikilinganisha na mbio za kwanza. Jumla saa 1, dakika 40 na sekunde 49. Sikuwa wa mwisho. Nyuma yangu walikuwepo watu 9.

Badiliko la pili lilinichukua dakika 1 na sekunde 24, na hilo ni kosa langu. Niliogopa sana kanuni ya kamba ya kofia ambayo refa wetu aliieleza hapa, hata nikairudisha baiskeli kwenye chanja, nikageuka, nikaanza kukimbia na kofia ikiwa bado kichwani. Mwamuzi wa langoni alipuliza filimbi akajigusa kichwa, nami nikadhani ananisalimu, nikamjibu kwa kumpungia mkono. Ilibidi anifuate ndipo nikaelewa, nikarudi kuiweka mahali pake.

Mchangiaji wa pili (refa wa mashindano):

Hongera, dada. Mwamuzi alikuwa sahihi, kukimbia na kofia ya baiskeli hakuruhusiwi, na kwa jinsi ulivyompungia mkono nadhani atakukumbuka. Sehemu niliyoipenda ni sekunde 10. Wapo walioanza miaka mingi kabla yako ambao pengo lao kati ya mbio za kwanza na za mwisho ni dakika nzima kwa kilomita.

Mchangiaji wa tatu (mgeni wa mchezo):

Asante. Kuna jambo nililisahau. Katika kilomita ya mwisho niliwapita watu 4, na mmoja wao alikuwa kaka aliyeondoka mwanzoni kama mshale. Nilimkuta anatembea, mkono mmoja kiunoni na mwingine kwenye paja. Nikampa pole, akaniuliza kwa mshangao, "Wewe ulikuwa wapi muda wote huu?"